Usimwendee dume mzee kabla ya siku yake

Agosti ikianza kuisha simu yangu haitulii. Vijana wetu wa hapa Louisville waliochukua leseni juzijuzi wananiuliza swali moja tu, Jumamosi tunaingia saa ngapi, manake Kentucky msimu wa upinde wa kulungu hawa wa mkia mweupe unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba na watu wamekaa na hamu tangu Januari. Nami nawajibu vile vile kila mwaka, kama unataka nyama ya friza basi ingia, jike atakuja na Mungu akupe riziki yako, lakini kama roho yako iko kwa dume mzee, yule wa miaka minne mitano mwenye shingo nene na mgongo mpana, basi Jumamosi hiyo huenda ukafaa kubaki nyumbani.

Najua inauma. Mimi kwetu ni Kilifi, Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977 kwa hiyo nimekua nikisikia hadithi za pinde za wazee tu bila kuona mtu akivuta, nilipofika huku na kupewa ruhusa na mzee mmoja mwenye shamba nikahisi kila jioni nisiyoenda nimeidhulumu nafsi. Msimu wangu wa kwanza nilikaa kwenye dungu jioni tisa mfululizo. Tisa! Joto la digrii 32, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, upepo unageuka nyuma yangu nami najiambia si kitu. Siku mbili za mwanzo kamera niliyoifunga mtini ilimpata dume mmoja mzee saa moja kasoro, jua bado lipo. Kufika siku ya tano anatokea saa nne usiku. Siku ya tisa hakutokea kabisa na sikumwona tena mpaka Novemba, akikimbiza jike shamba la jirani ambako sina ruhusa.

Dume mzee hukimbii naye mbio, unamlia mingo, na mingo yenyewe haivumilii kurudiwarudiwa. Jioni ya kwanza unapopanda mti ule ndiyo yenye nguvu kuliko zote zitakazofuata, kwa sababu hajajua kama upo. Ya pili ameshanusa ulipopita. Hapa sheria inakupa dume mmoja tu kwa mwaka wa leseni, kwa hiyo ile jioni ya kwanza ichague kama unavyochagua siku ya posa.

Sasa inachaguliwaje. Mwanzo wa Septemba madume bado wanatembea pamoja kama marafiki wa baraza moja, pembe zimevaa ile ngozi laini yenye manyoya, na jioni wanashuka kwenye soya kula majani mabichi. Ukimwona kwenye soya mchana kweupe siku tatu nne, njia ile ile, na upepo unakubali, basi mimi mwenyewe nakwambia nenda, hapo siku ya kufungua ni yako. Ila dirisha hilo ni fupi mno. Siku zinapopungua urefu, homoni zinapanda, wanasugua pembe kwenye miti mpaka ile ngozi inachanika na kuanguka, na urafiki unakwisha, kila mmoja anashika upande wake. Wakati huo huo majani ya soya yanaanza kuwa manjano na hayana utamu tena. Mtu anaangalia shamba tupu anasema kulungu wamehama nchi, kumbe wako mita 200 ndani ya msitu chini ya mti wa mwaloni mweupe wakila matunda yake.

Mwaloni mweupe huo ndio msikilize. Sisemi uangalie, nasema usikilize. Ingia mchana wa jua kali pembeni mwa msitu, simama dakika tano, utasikia tunda linapiga jani, tap, halafu kimya, halafu tap tap. Mwaloni mwekundu nao una matunda lakini yana uchungu kama gome, mweupe ndio wanaukimbilia kwanza, na si kila mti unazaa kila mwaka, kwa hiyo uliozaa mwaka huu ni kama duka moja tu lililofungua mtaa mzima.

Halafu ngoja baridi. Watu hawalifikirii hili, kulungu Septemba anabadilisha nguo, lile koti jekundu la kiangazi linatoka na la kijivu la majira ya baridi linaingia, sasa hebu fikiria wewe umevaa sweta kwenye digrii 31, utatoka nje kabla jua halijazama? Atalala kivulini mpaka giza. Lakini ikipita mvua, upepo ukageuka kaskazini magharibi, joto likashuka digrii 10 kwa usiku mmoja, jioni inayofuata anainuka mapema. Ndiyo siku yake hiyo. Asubuhi za mwanzo wa msimu mimi siendi kabisa, alfajiri wao bado wako kwenye chakula na wewe ukiingia gizani unapita katikati yao kama gari la harusi.

Na upepo jamani. Sisi wa pwani tumezoea kaskazi na kusi, upepo unashika miezi, unaujua jina na tabia. Huku upepo ni wa dakika, na jioni hewa ikipoa inateremka bondeni kama maji hata kama programu ya simu inasema vingine, ukikaa juu ya kilima na yeye amelala chini umeshajitangaza. Tena dume mzee hapendi kutembea bila kunusa mbele yake, kwa hiyo ukingoja upepo unaokufaa wewe mia kwa mia hatatoka, inabidi upate ule anaodhani unamfaa yeye lakini unapita pembeni kidogo tu ya pale ulipo.

Mwaka jana nilifanya hivyo. Wiki mbili sikukanyaga bonde lile, kamera inanitumia picha za dume mmoja mzee nami natulia, wallahi haikuwa rahisi. Wiki ya tatu ya Septemba mvua ikapiga usiku, asubuhi digrii 11, nikaomba ruhusa kazini, saa tisa nikawa juu ya mti na mkanda wa usalama umefungwa. Mwanzo walikuja madume wawili vijana wakatafuna chini yangu bila wasiwasi, unasikia matunda yanapasuka menoni kama njugu. Saa moja na dakika 20 wakainua vichwa kwa pamoja wakatazama bondeni, nikajua ni nani.

Alisimama kivulini kama dakika kumi. Shingo bado ina mabaka mekundu, ubavu umeshakuwa wa kijivu, pembe zina rangi ya chai ya rangi. Analamba pua, ananyoosha shingo, ananusa, analamba tena. Hewa ilikuwa inanipita bega la kulia inateremka kwenye kijito, na yeye akaja upande wa kushoto hatua kwa hatua mpaka mita 17. Nikavuta upinde alipoinamisha kichwa nyuma ya shina, nikasema bismillah, nikaachia.

Nilingoja nusu saa ndipo nikashuka, nikamkuta hata mita 80 hakufika. Nikamripoti kwa idara ya wanyamapori kwa simu papo hapo, maana mwisho ni saa sita usiku wa siku hiyo hiyo, barafu nilishaiweka garini, Septemba nyama haikusubiri hata siku ikiwa ya baridi. Mzee mwenye shamba alipata mguu mzima wa nyuma.

Mwaka huu kuna mwingine, pembe yake ya kulia imepinda kidogo, na soya imepandwa kwa kuchelewa kwa hiyo majani yatakaa mabichi mpaka katikati ya mwezi nadhani. Dungu bado liko gereji. Mti nimeshauchagua tangu Machi, na sijaukaribia tena.