Noti ya Ishirini pale Sirari

Novemba 2019 nilimsindikiza Mama Mdogo kwenda Kisumu kununua mitumba soko la Kibuye. Tulipanda basi Mwanza alfajiri, tukapita Magu, Lamadi na Bunda, mchana tukashuka Sirari, mpakani na Kenya. Alikuwa na shilingi 440,000, mkopo wa kikoba, kazifunga kwenye ncha ya kanga. Benki alikuta foleni akaghairi, na maduka mengi ya kubadilishia fedha nchini yalikuwa yamefungwa kwenye msako wa 2018 na 2019. Vijana wa kuchenji mpakani wanamjua mtu wa namna hiyo kabla hajamaliza kushuka ngazi za basi.

Aliyetufuata alitaja bei nzuri: 22 kwa shilingi moja ya Kenya. Hesabu ilikuwa ya kweli, 20,000 kamili. Bei nzuri ndiyo inayokusimamisha. Wizi wenyewe unakuja baadaye.

Alihesabu noti 20 za elfu moja, akachukua pesa zetu, kisha akampa Mama Mdogo bunda ahesabu mwenyewe. Zikatoka 19.

"Pole mama, nipe niongeze."

Akalipokea bunda, akachomoa noti mfukoni, akaiweka juu mbele ya macho yetu. Noti ile ilipunguzwa kwa makusudi ili bunda lirudi mkononi mwake. Macho yetu yalipokuwa kwenye mkono wa kulia unaoongeza, vidole vya kushoto vilikuwa vinakunja noti za chini na kuzibana kiganjani. Papo hapo mwenzake akasema, "Ficha haraka mama, askari hao!" Askari hakuwepo. Kelele ile ni ya kukuzuia usihesabu tena, na mtu aliyekwisha kuhesabu, akaongezewa mbele yake, haoni sababu ya kurudia.

Kwenye jengo la pamoja la uhamiaji upande wa Kenya, Isebania, tukagongewa mihuri. Mtanzania halipi viza kuingia Kenya, kwa hiyo yule aliyedai 500 ya kujaziwa fomu tulimpita.

Ndani ya matatu ya Migori konda akarudisha noti tuliyompa: ya zamani. Mama Mdogo akafungua kanga. Zilikuwa 15, na 4 kati yake zina sura ya Jomo Kenyatta. Kenya ilitoa noti mpya Juni 2019, zenye picha ya KICC, jengo la mikutano la Nairobi, na zile elfu za zamani zikakoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba. Zote ni za kahawia. Ukihesabu kwa kufunua pembe tu huzitofautishi. Tulipoteza 9,000, yaani 198,000 za kwetu. Alilia kimya hadi Migori, na mimi bado inaniuma, kwa sababu kinga yake ni ndogo mno: pesa zako zisitoke mkononi mpaka umezifunua za kwake moja moja, sura juu. Ikipungua moja, bunda libaki kwako, aongeze hiyo moja tu. Akilishika tena, hata kwa kulinyoosha, unaanza kuhesabu upya.

Februari tulirudi. Safari hii pesa zilitangulia kwa M-Pesa kwenda kwa mwenyeji wetu Kisumu, naye akazitoa kwa wakala, tayari zikiwa shilingi za Kenya. Tulivuka na nauli tu. Kijana akaita, "Mama, Kenya shilingi?" Mama Mdogo akaendelea kutembea.