Mama, mimi si dereva wa ambulensi

Kila nikirudi likizo Dodoma, kazi ya kwanza ni kumsahihisha mama mbele ya wageni wake. Keshawatangazia majirani wote wa Nkuhungu kwamba binti yake "anaendesha ambulensi Marekani." Mzee mmoja wa kanisani aliniuliza kwa dhati kabisa kama leseni ya huko inatumika na hapa, maana ana Coaster inatafuta dereva. Ni kweli kuna siku nashika usukani. Ila kilichonipeleka chuo ni kile kinachofanyika nyuma, alipolala mgonjwa: kazi ya paramediki, mtoa tiba ya dharura. Na kwa kuwa vijana wengi mnaniuliza nilipitia wapi, acha niandike mara moja.

Nilikuwa nabeba boksi Iowa kama wengine, ghala la usiku. Nikajiunga na chuo cha jamii, vile vya miaka miwili ambavyo ada yake iko chini sana ukilinganisha na vyuo vikuu. Darasani unakaa na mama wa watoto watatu, mwanajeshi mstaafu na kijana aliyemaliza sekondari juzi. Ukiwa na green card unaweza kuomba ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo si mkopo. Ukiwa na viza ya mwanafunzi huipati, na kibali cha kazi nacho ni habari nyingine. Usimwambie baba auze shamba la zabibu Hombolo kabla hujalielewa hilo.

Unaanza na EMT, ngazi ya chini ya huduma ya dharura, muhula mmoja hivi: kuzuia damu, kutoa oksijeni, kufunga mfupa uliovunjika, kuzalisha, kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mtihani wa taifa unafanyika kwenye kompyuta na una vituko vyake. Ukipatia swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi, kwa hiyo hata aliyefaulu hutoka akiapa amefeli. Baada ya hapo ndipo paramediki, ngazi ya juu yake: kwa kawaida zaidi ya saa 1,000 za darasani, wodini na barabarani. Unasoma dawa, unasoma umeme wa moyo, unajifunza kuingiza mrija wa hewa kooni na kupitisha dawa kwenye mfupa pale mshipa unapokosekana. Ukichagua chuo, ulizia ithibati kwanza. Bila hiyo mtihani wa taifa hutaukaribia.

Masomo yenyewe yanasomeka. Kilichonipa shida ni kusema. Sisi tumesoma kwa kunyamaza hadi mwalimu akutaje. Kule unaingia kwenye zoezi, sanamu limelala sakafuni, na unatakiwa useme kwa sauti kila unachokiona na kila unachofikiria, huku ukigawa kazi: wewe kandamiza, wewe andaa dawa, wewe zungumza na familia. Uwaamrishe watu wenye umri wa baba yako, tena bila "samahani"! Ilinichukua muda mrefu kuliko kukariri dozi zote.

Zamu moja ya mafunzo tuliitwa kwa mama wa Kikongo, kifua kimembana. Mjukuu mdogo ndiye alikuwa mkalimani. Nilipotoa shikamoo, mama alinishika mkono akagoma kuuachia. Vibandiko vya kupimia moyo viko kumi, vinatoa picha kumi na mbili za moyo uleule kutoka pande tofauti, na lazima vikae kwenye ngozi. Msimamizi wangu, mwanaume, alishasogea kufungua blauzi. Nikamwomba anipishe, nikamfunika mama kwa kitenge chake mwenyewe na kubandika chini yake kwa kupapasa: nafasi ya nne ya mbavu, kulia na kushoto mwa mfupa wa kidari, kisha kuzunguka chini ya titi la kushoto. Karatasi ikatoka na dalili za mshipa wa moyo kuziba. Tuliituma hospitali tukiwa bado sebuleni, na tulipofika, madaktari wa kuzibua mshipa walikuwa wameshavaa gauni.

Msidhani wenzetu walizaliwa na mambo haya. Hadi miaka ya 1960, Wamarekani wengi walibebwa na polisi au na gari la kampuni ya mazishi. Mwaka 1967 kule Pittsburgh kikaanzishwa kikosi cha ambulensi cha Freedom House, vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengine hawakuwa na ajira yoyote. Daktari Peter Safar aliandaa mafunzo yao ya kumtibu mtu palepale alipoangukia. Mji ukakivunja mwaka 1975 na kuweka huduma yake. Darasani kwetu habari hii ilipita haraka haraka, lakini mimi sijaacha kuifikiria.

Hapa kwetu ambulensi nyingi kazi yake ni rufaa, kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya General au Benjamin Mkapa. Ipo 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ambulensi isipokuwepo, anapigiwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa, naye analipwa. Naupenda mpango huu kwa sababu umeanza na magari yaliyopo. Ila aliyegongwa pale Kibaigwa anasubiri gari lolote litakalosimama, na mara nyingi anakunjwa kiti cha nyuma.

Ndiyo maana vijana wa kijiwe cha bodaboda waliponiomba niwaonyeshe huduma ya kwanza, sikukataa. Mfuko wa pumba ukawa kifua, kanga na kijiti vikawa vya kukazia damu mguuni. Mmoja akauliza, "Anti, nikimvunja mbavu?" Nikamwambia zinavunjika, endelea. Mwingine: "Nikimfikisha hospitali bila PF3, ile fomu ya polisi, si nitaonekana mimi ndiye nimemgonga?" Hilo nikamwachia binamu yangu, muuguzi. "Mleteni," akasema. "Sisi tunaanza na mgonjwa, PF3 inafuata." Wakaangaliana, wakaangua kicheko. Ubishi wa PF3 ukachukua muda mrefu kuliko somo zima.