Bunduki Iliyogongwa Nchi Mbili

Muuzaji aliniapia kwamba bunduki ile ilishuka na askari wa vita kuu ya pili ufuoni Normandy, Ufaransa, mwaka 1944. Alinong'ona, kama anayenipa siri ya ukoo, huku amenigeuzia upande wa mbao uliokuwa na nafuu. Nikatoa dola 420 bila hata kubembeleza bei, jambo ambalo mama yangu, aliyekulia soko la Kongowea, hajanisamehe.

Ilikuwa Lee-Enfield Namba 4, ile ambayo kwetu Kenya huitwa Mark Four basi. Utotoni nilikuwa nikiiona mabegani mwa askari wa utawala, AP, waliolinda ofisi ya DO, na ami yangu mmoja aliibeba miaka mingi huko Garissa. Sasa naishi Ohio, naendesha lori, na Jumamosi hiyo niliingia kwenye maonyesho ya bunduki ili kupoteza saa mbili tatu tu. Nikaiona mezani, imelazwa kati ya Mauser mbili. Ilikuwa kama kukutana na mtu wa kijijini kwenu stendi ya basi ugenini.

Kwa wenzangu walioko huku: angalieni makaratasi yenu kwanza. Mimi ni mkazi wa kudumu, nina grini kadi, kwa hiyo sheria inaniruhusu. Mwenye viza ya matembezi au ya masomo kwa kawaida haruhusiwi hata kuimiliki. Nilijaza fomu 4473, ile ya kununulia silaha, muuzaji akapeleka jina langu kukaguliwa FBI, na baada ya robo saa nikaambiwa niko sawa. Nilipofika nyumbani mke wangu aliitazama mara moja tu. "Hiyo haikai humu bila kufuli," akasema, na kabati la chuma likaagizwa kabla sijavua viatu.

Kosa la kwanza nililofanya linaniuma mpaka leo. Kitako kilikuwa cheusi kwa jasho na mafuta ya miaka, nami nikaona nikifanyie hisani. Nikachukua msasa. Nusu saa baadaye mbao imekuwa nyeupe kama dawati jipya la shule, na upande wa kulia, pale palipokuwa na duara dogo lililogongwa na herufi ndani yake, pako laini kabisa. Muhuri wa nani? Nilikuwa sijausoma. Baadaye niliuliza wazee wa klabu ya shabaha, wakanitazama kama mtu aliyefuta maandishi ya kaburi. Mbao za bunduki hizi hazipigwi msasa. Hufutwa uchafu kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha hupakwa mafuta ya kitani, yale mafundi seremala huita linsidi, matone machache kwa kiganja, yaachwe yanywewe, kesho tena. Na kitambaa chenye linsidi usikikunjekunje ukakitupa pipani: hupata joto chenyewe na kuwaka. Mimi nakitandaza juu ya zege nje mpaka kikauke kabisa.

Tangu siku hiyo niliapa kutogusa kitu kabla sijakisoma. Nikanunua kioo cha kukuzia, tochi na daftari.

Cha kwanza kusomeka kilikuwa ubavuni kushoto, karibu na mtutu unapoanzia: US PROPERTY. Mali ya Marekani. Nikashangaa, maana hii ni bunduki ya Waingereza kuanzia ncha hadi kitako. Inchi chache mbele, kwenye mtutu, limegongwa neno jingine: ENGLAND. Kwa wiki nzima niliamini nimeuziwa vipande vya bunduki mbili vilivyoungwa na mhuni fulani.

Ukweli ni mtamu kuliko huo uhuni. Mwaka 1941 Uingereza ilikuwa na vita nyingi na bunduki chache, ikatafuta viwanda nje. Mojawapo kilikuwa cha kampuni ya Savage, katika mji wa Chicopee Falls, Massachusetts, ambacho hadi mwaka 1944 kilitengeneza zaidi ya milioni moja za Namba 4. Machi 1941 Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwakopesha washirika silaha, na kitu cha kuazimwa hubaki kuwa cha mwenyewe, ndiyo maana zikagongwa muhuri huo. Namba ya bunduki yangu ina herufi C katikati ya tarakimu: hiyo C ni ya Chicopee Falls. Na vipande vilivyotoka kiwandani humo vina S ndogo ndani ya mraba.

ENGLAND je? Hilo ni la baada ya vita. Majeshi yalipoziacha bunduki hizi, wafanyabiashara walizinunua kwa shehena na kuzileta Marekani. Forodha ya Marekani ilitaka bidhaa ioneshe inakotoka, na kwao ilikuwa imetoka Uingereza. Basi bunduki iliyozaliwa Massachusetts ikarudi kwao ikiwa imeandikwa mgeni. Jirani yake kwenye mtutu pana 18.5 TONS na 2.222. Hiyo ni mihuri ya ukaguzi, kwa kuwa sheria ya Waingereza hairuhusu silaha kuuziwa raia kabla haijajaribiwa: tani 18.5 kwa inchi mraba ndicho kiwango cha mgandamizo, na inchi 2.222 ni urefu wa ganda la risasi yake, iitwayo .303.

Nilipoifungua zaidi nikakuta ukoo mzima. Kipande kimoja kina LB, yaani Long Branch, kiwanda cha Kanada karibu na Toronto. Kingine kina M47C. Huo ni mficho wa wakati wa vita: Waingereza walificha majina ya viwanda vyao nyuma ya namba ili adui akiokota silaha asijue pa kudondosha bomu. M ni ya maeneo ya kati ya Uingereza, na M47C ni BSA, kampuni ya silaha ya Birmingham, kiwanda chake cha Shirley. Maana yake bunduki hii iliwahi kuingia gereji ya jeshi, ikavuliwa, ikarudishwa kwa vipande vyovyote vilivyokuwa karibu. Normandy haikugongwa popote. Chuma husema kilikotengenezwa na kilikokarabatiwa. Yale mengine nilinunua kwa dola 420 pamoja na mnong'ono wake.

Halafu nikachungulia ndani ya mtutu, moyo ukanidondoka. Mtutu wa kawaida wa Namba 4 una mifereji mitano inayozunguka ili kuipa risasi msokoto. Wangu una miwili. Nikajua imekwisha, imelika yote. Nikaipeleka kwa fundi wa bunduki, mzee mmoja asiyependa maneno, akamulika, akacheka. Wakati wa vita kuchonga mifereji mitano kulikula muda, wakajaribu miwili, wakaona risasi inafika palepale. Mitutu ya namna hiyo ni mingi. "Huu ni mzima," akasema, "lakini bolti si ya kwake."

Kweli, namba ya mkono wa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, haikulingana na ya mwilini. Hapo si suala la urembo. Bolti ikikaa mbali mno na kitako cha ganda, ganda hunyooka wakati wa kufyatua na linaweza kukatika, moto ukarudi usoni kwako. Fundi alichukua kipimo chake cha chuma chenye unene wa inchi 0.074, akakiweka, akasukuma bolti polepole kwa vidole viwili. Haikutakiwa kufunga, maana ikifunga nafasi imezidi. Ikafunga. Uzuri wa Namba 4 ni kwamba kichwa cha bolti hufunguliwa kwa kuzungusha na vilitengenezwa kwa saizi, 0 hadi 3. Alitoa 1 akaweka 2, akajaribu tena, bolti ikagoma katikati. Nilimlipa kwa furaha kuliko nilivyomlipa muuzaji. Nani ningemlaumu kama ningeipiga kwanza?

Nikaenda kiwanja cha shabaha na boksi la risasi za zamani za jeshi. Teke lake nilikuwa nimelisikia kwa ami tu, sasa nikalipata begani. Risasi kumi ndani ya magazini, zinaingia tano tano kwa klipu. Nikarudi nyumbani, nikapitisha brashi, nikapaka mafuta mazuri, nikafunga kabati. Siku ya nne nikachungulia: kutu ya kahawia kuanzia mwanzo wa mtutu hadi mdomoni.

Usiku huo nikampigia ami WhatsApp ya video. Yeye kwake ilikuwa asubuhi, yuko barazani na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione hiyo." Nikaiinua. "Mark Four hiyo! Umeiogesha?"

"Nimeipaka mafuta vizuri sana."

"Sikukuuliza kuipaka. Nimekuuliza kuiogesha."

Akanieleza. Kambini kila waliporudi kupiga shabaha, jambo la kwanza lilikuwa sufuria jikoni. Maji yachemke hasa, yamiminwe kutoka upande wa chemba, pale risasi inapokaa, yatokee mdomoni, mpaka mtutu uwe moto usioshikika. Ukishakuwa moto hivyo hujikausha wenyewe. Hapo ndipo mafuta. Aliyekwenda kwenye mafuta moja kwa moja alijulikana wiki hiyohiyo kwenye ukaguzi.

Nilikuja kuelewa sababu baadaye: fataki za risasi za zamani, zile za kuwashia baruti, zilikuwa na klorati ya potasiamu, na ikishalipuka huacha chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu iendelee kula chuma. Maji ndiyo huiondoa. Nilifanya alivyosema, na faneli ya jikoni, mke wangu akinikumbusha kwamba faneli ile haitarudi jikoni. Kutu ilitoka karibu yote. Vidoa viwili vimebaki karibu na mdomo.

Kabla hajakata simu ami alitaka kuisikia. Nikaisogeza karibu, nikahakikisha mbele yake kwamba haina kitu, nikafungua bolti, nikafunga. Spring ya Mark Four hukazwa wakati wa kufunga, kwa hiyo mkono wasikia uzito mwishoni.

"Tena," akasema. Nikarudia. "Yangu ilikuwa ngumu kuliko hiyo."

"Waikumbuka namba yake?"

Alinitajia bila kufikiri: PF, kisha tarakimu sita, haraka, kama mtu anayetaja namba ya simu ya nyumbani. Ami ana miaka sabini na minne. Niliandika daftarini, na kwa kuwa sasa najua kidogo, nikamwambia PF ni Fazakerley, bunduki za baada ya vita.

"Ndiko wapi huko?"

"Liverpool, ami."

Akaweka kikombe chini. "Liverpool ya mpira?"

"Hiyohiyo."

"Miaka kumi na tisa," akasema, "nimebeba kitu cha Liverpool begani, na mimi mtu wa Arsenal."