Usiku wa Moroko Mjini Doha

Nilitua Doha, Qatar, Septemba 2021 nikiwa na deni la shilingi 120,000, fedha ambazo wakala mmoja wa Mombasa alizichukua kwa kuniahidi kazi ya ukarani. Nilipofika nikakabidhiwa sare ya ulinzi. Kwa mshahara wa riyali 1,500 nilisimama kwenye lango la jumba la maduka muda wa saa 12 kila siku, na usiku nikapanda kitanda cha juu katika chumba cha watu sita. Maelfu walipita mbele yangu, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyeniuliza natoka wapi.

Jumamosi ya tarehe 10 Desemba 2022 Moroko ilikuwa inapambana na Ureno katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mwenzangu kutoka Uganda alikubali tubadilishane zamu, nami nikaenda Asian Town, karibu na makazi yetu wafanyakazi, ambako uwanja wa kriketi ulikuwa umewekewa skrini kubwa na kiingilio kilikuwa bure. Tuliketi kwenye nyasi, Wanepali, Wabangladeshi, Wahindi na sisi Waafrika, kila mtu na kikombe chake cha chai ya karaki.

Dakika ya 42 Youssef En-Nesyri aliruka juu mno, akamtangulia kipa na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Kando yangu aliketi fundi mwashi wa Ghana, mtu mzima mwenye saruji iliyokauka kwenye kucha, na tangu bao lile hakusema neno. Alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu hadi ukafa ganzi. Kameruni ilikwama katika robo fainali mwaka 1990, Senegali mwaka 2002, na Ghana yake mwaka 2010, kwa penalti iliyogonga mwamba. Filimbi ya mwisho ilipolia bao likiwa lile moja, na Moroko ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia nusu fainali, mzee yule aliinamisha uso magotini akalia kwa sauti, wala hakuna aliyemcheka.

Tulikodi teksi wanne hadi Souq Waqif, na dereva akatutoza riyali 60, bei ya kuumiza kwa watu wa kipato chetu, lakini hatukubishana naye. Sokoni hapakuwa na pa kukanyaga kwa ngoma, vigelegele na bendera nyekundu. Mama mmoja wa Kimoroko, wa makamo ya mama yangu, alinishika bega akaniuliza nchi yangu. Nilipomjibu, "Kenya," alipaza sauti, "Ifriqiya!", akaivua bendera aliyojitanda na kunifunga shingoni. Maneno yake yalikwenda mbio, na Kiarabu changu cha chuoni hakikuweza kuyafuata, ila neno moja alilolirudiarudia, *farha*, halikuhitaji mkalimani kwa mtoto wa Likoni, Mombasa. Nilimwamkia kwa kumbusu mkono, kama tufanyavyo kwetu.

Nilimpigia mama simu papo hapo. Saa za Doha na za Mombasa ni zile zile, kwa hiyo nilijua kuwa bado yuko macho, na kweli alikuwa ametazama mechi kwa jirani. "Umekula, mwanangu?" ndilo swali lake la kwanza, na hapo ndipo machozi yaliponitoka mimi pia.

Ufaransa iliwatoa Wamoroko kwa mabao 2–0 siku nne baadaye. Fainali ya Argentina na Ufaransa niliisikia nikiwa langoni, kupitia kelele za duka la simu. Mkataba wangu uliisha Septemba 2023. Bendera ile iko Likoni, mama ameitandika juu ya televisheni, na kila mgeni akiiulizia, yeye husimulia habari zangu kwanza, kisha za mpira.