Ngazi ya Juu Kabisa

Leo jioni, mvua ya masika ilipokatika, nilikaa kwenye kimbweta, kiti cha nje cha kujisomea chuoni, na mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili aliyeniomba nimwelekeze somo la saikolojia ya elimu. Alikuwa na desa la notisi lililotolewa kopi mara nyingi hata maandishi ya pembeni yamefifia, na katikati yake imechorwa ile piramidi ya mahitaji ya binadamu ya mwanasaikolojia Abraham Maslow: chakula na usingizi chini, kisha usalama, upendo, heshima, na kileleni utimilifu wa nafsi, yaani mtu kuwa yote anayoweza kuwa. Akaweka kidole pale kileleni, akaniuliza, “Dada, na hii ya juu huwa inatoka kwenye mtihani?”

Sikumjibu mara moja, kwa kuwa swali hilo lilikuwa langu pia miaka minne iliyopita. Nilizikariri ngazi zote tano, nikaziandika, nikapata alama, na baada ya wiki mbili zikaniponyoka. Nilisoma kwa hofu ya kusapu, yaani kurudia mtihani, na kwa hofu kubwa zaidi ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, maana nyumbani walikuwa wananitazama mimi. Hofu humwamsha mtu alfajiri, hilo sikatai. Isichoweza ni kumfanya akipende alichoamkia.

Mwaka wa tatu, nikitafuta andiko la kunukuu katika utafiti wangu, nilifungua makala yenyewe ya Maslow ya mwaka 1943. Piramidi haimo. Nilipekua kurasa zote mara mbili. Nilichokuta ni mwandishi akieleza kwamba mpangilio wa mahitaji haya haukukazwa kama unavyodhaniwa, na kwamba hitaji moja halingoji lililotangulia litimie kwa asilimia 100 ndipo lijitokeze. Siku ile bumu, fedha yetu ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limechelewa, tangu asubuhi nilikuwa nimepata chai na chapati moja tu, na bado nilisoma mpaka tukaambiwa maktaba inafungwa. Sisemi kwamba njaa ni mwalimu mzuri. Nimeona wenzangu wenye vipaji wakikosa vipindi kwa kukosa nauli ya daladala ya kutoka Mbagala, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Ila usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni, nilikuwa na swali ambalo hakuna aliyenipa.

Nilimjibu mdogo wangu kwamba ndiyo, huwa inatoka. Kisha nikamtumia makala ile kwenye simu yake. Giza lilipoanza kuingia alikuwa bado kwenye ukurasa wa tatu, desa lake amelikalia lisipeperushwe na upepo.