Walininyima mafao ya ulemavu Marekani, korti ikarudisha faili

Kwa mlioko Marekani mliokataliwa mafao ya ulemavu mpaka na baraza la rufaa, bado kuna korti ya shirikisho, ila una siku 60 tu tangu upokee barua, na wanahesabu umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Hela ya kufungulia kesi sikuwa nayo, nikajaza fomu ya kuomba nisamehewe ada, ikapita.

Sasa hapa ndo wengi wanachemsha, jaji wa korti hapimi mgongo wako, anasoma faili lile lile aone kama uamuzi una ushahidi wa kutosha na sheria imefuatwa, kumlilia ni bure. Wakili wangu akakomaa na ukurasa mmoja, daktari kaandika siwezi kukaa zaidi ya dakika 20 bila kusimama, yule jaji wa mafao aliyeninyima kabla sijafika kortini kasema tu haimshawishi, akapita zake. Maombi ya kuanzia Machi 27, 2017 lazima aeleze maoni ya daktari yamesimama juu ya vipimo gani na yanaendana vipi na faili zima. Hakueleza.

Kesi ikarudishwa isikilizwe upya, nikapewa mafao pamoja na malimbikizo. Wakili kachukua asilimia 25 ya malimbikizo, ndo mwisho wanaoruhusiwa kwa kazi ya kortini, inauma lakini mwanzoni hakudai hata senti.