Giza zuri karibu na Kondoa: toka mjini kwa upande wa kusini

Anayetafuta mahali pa kuangalia nyota karibu na mji mdogo kwa kawaida huanza na swali la umbali: niende kilomita ngapi? Kwa Kondoa, mji wa mkoa wa Dodoma katikati ya Tanzania, swali la kwanza ni upande gani. Mji uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na vitu vinavyotufanya tuonewe wivu na watu wa Ulaya viko upande wa kusini: Msalaba wa Kusini, nyota ya Suheli (Canopus), kitovu cha Njia Nyeupe na yale Mawingu mawili ya Magellan, ambayo ni galaksi ndogo zinazoonekana kama vipande vya ukungu. Ukishika barabara ya Babati kuelekea Kolo, utafika kwenye giza, lakini kila ukigeuka kusini utakuwa unatazama juu ya taa za mji. Ukishika barabara ya Dodoma kuelekea Chemba, mji unabaki mgongoni.

Jambo hili lina uzito kwa sababu vitu vya kusini havipandi juu sana. Msalaba ukifika kilele chake uko nyuzi 35 tu juu ya upeo wa macho. Wingu Kubwa la Magellan halizidi nyuzi 26, na Wingu Dogo ni nyuzi 22. Kitu kilicho chini namna hiyo mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi, yenye vumbi na moshi, kabla ya kukufikia. Ukiongeza na utando wa mwanga wa taa za mji, Wingu Dogo linafutika kabisa. Kwa kukaa kusini mwa mji unapoteza sehemu ya kaskazini: galaksi ya Andromeda, ambayo hufika nyuzi 44, na Dubu Mkubwa. Nyota ya Kaskazini usiisumbukie, haichomozi kwetu. Kwangu hiyo ni biashara nzuri.

Sasa umbali. Mwaka 1977 mwanafalaki Merle Walker alionyesha kwamba mwanga wa mji angani unapungua haraka kuliko watu wanavyodhani: ukizidisha umbali mara mbili, unabaki karibu moja ya sita. Kwa hiyo kutoka kilomita 3 hadi 6 ni faida kubwa, lakini kutoka 12 hadi 24 unalipia nauli ya boda kwa tofauti ambayo jicho halitaiona. Kwa mji wa ukubwa wa Kondoa, kilomita 8 hadi 12 zinatosha, na zinatosha zaidi ukipata mwinuko wa ardhi kati yako na mji. Kilima kidogo kinachoficha taa zenyewe kina thamani kuliko kilomita tano za ziada kwenye tambarare.

Ramani za mtandaoni za mwanga wa usiku ni nzuri, ila zitumie kukataa mahali, si kuchagua. Picha zake zinatoka kwenye setilaiti inayopita saa 7 na nusu usiku hivi, wakati maduka na baa zimeshafunga. Pia kipimo chake hakioni sawasawa rangi ya bluu iliyomo kwenye taa nyeupe za LED. Kijiji kinachoonekana cheusi tii kwenye ramani kinaweza kuwa na taa tatu za sola barabarani na genereta ya ukumbi wa muziki hadi saa 6. Taa moja ya ulinzi iliyo mita 200 kutoka ulipokaa inaharibu usiku kuliko mji mzima ulio kilomita 10.

Baada ya ramani, nenda mchana. Usiruke hatua hii Kondoa, maana ardhi yake ina makorongo ya mmomonyoko, yale yale yaliyoifanya serikali ianzishe mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973. Kingo zake zinakatika ghafla, na usiku korongo la mchanga mweupe na njia ya miguu vinafanana. Njia ambayo hukuipita mchana usiipite usiku. Weka alama kwenye ramani ya simu, pakua eneo hilo ulitumie bila mtandao, kisha pima upeo wa kusini kwa ngumi. Nyosha mkono wako wote: ngumi iliyokunjwa ni nyuzi 10, vidole vitatu vya kati ni nyuzi 5. Kusini pasiwe na kilima wala mbuyu unaozidi ngumi moja. Ukifika ngumi mbili, Wingu Dogo limekwenda. Mashariki na magharibi unaweza kuvumilia ngumi mbili.

Chagua ardhi yenye nyasi fupi au mwamba mpana, si shamba lililolimwa. Upepo wa Agosti hadi Oktoba unabeba udongo wa mashamba, na lenzi ya darubini ya mkono inapata utando ndani ya saa moja. Kitanda cha mto mkavu kinavutia kwa sababu ni tambarare na safi, lakini hewa ya baridi inashuka na kutuama humo, kingo zinakula upeo, na kuanzia Desemba maji yanaweza kushuka kutoka milimani wakati kwako hakuna hata wingu. Na kaa angalau nusu kilomita kutoka lami, nyuma ya kitu. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati iwekwe lami, malori yanapita usiku kucha na taa kali, na lori moja likikumulika unaanza upya kuzoesha macho, dakika 20 hadi 30.

Kuhusu eneo la michoro ya miambani la Kolo, wageni wengi huliwaza kwanza kwa sababu ni maarufu na lina giza. Liko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, na baadhi ya mapango yake bado yanatumika kwa matambiko. Bila kibali na mwongozaji usiende usiku. Tena liko kaskazini mwa mji, kwa hiyo hoja ya mwanzo inabaki palepale.

Msimu ni rahisi. Mvua za Kondoa ni za mkupuo mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Hewa safi kuliko zote ni ya Mei na Juni, vumbi likiwa limeoshwa na nyasi bado zimeshika udongo. Wiki ya mwisho ya Mei, saa 3 usiku, Msalaba unakuwa umesimama wima kusini. Katikati ya Agosti, saa 3 ile ile, kitovu cha Njia Nyeupe kiko juu sana, nyuzi 66, na hapo hata mahali pa wastani panapendeza. Septemba na Oktoba kuna moshi wa mapori na mashamba yanayochomwa. Upeo unageuka rangi ya kahawia na nyuzi 15 za chini hazina faida. Mawingu ya Magellan katika kiangazi yanadai usingizi wako: katikati ya Oktoba, Dogo liko kileleni saa 6 usiku, Kubwa saa 10 na nusu alfajiri.

Kwa mwezi, kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani inatosha, huhitaji programu. Tarehe 14 na 15 kaa nyumbani, au angalia mwezi wenyewe. Kuanzia tarehe 23 mwezi unachomoza baada ya saa 6 usiku, na unachelewa kama dakika 50 kila siku. Baada ya mwandamo, hadi tarehe 3 au 4, hilali inatua mapema. Hapo una siku kama kumi za giza la jioni. Jua linatua saa 12 na nusu hivi, na kwa sababu karibu na ikweta linashuka wima, giza kamili linaingia baada ya saa moja na robo, saa 2 kasoro kidogo. Watu wa Ulaya wakati wa kiangazi chao wanalisubiri hadi usiku wa manane.

Sasa jaribio la usiku. Kaa dakika 30 bila simu, kisha pitia mambo haya. Kwanza tafuta wingu. Likionekana jeusi kuliko anga, kama tundu lililotobolewa kwenye nyota, uko pazuri. Likionekana la kijivu au rangi ya chungwa kwa chini, kuna taa zinalimulika. Pili, Msalaba una nyota nne kubwa na ya tano ndogo pembeni. Hiyo ya tano kuonekana haitoshi, hata ukingoni mwa mji inaonekana. Angalia doa jeusi lililoshikana na Msalaba upande wa mashariki: kingo zake ziwe dhahiri. Tatu, Omega Kantarusi, kundi la nyota linaloonekana kama nyota moja yenye ukungu, lililo nyuzi 47 juu likiwa kileleni, lionekane kwa macho matupu bila kubabaisha.

Halafu tazama magharibi, maana hapa ndipo wengi hukosea. Saa 2 usiku utaona mwanga hafifu kama piramidi ndefu ukipanda kutoka upeo wa macho, na utasema kuna mji huko. Upande huo hakuna mji wa kutoa mwanga kiasi hicho. Ni mwanga wa zodiaki, vumbi la angani linalomulikwa na jua, na kwetu karibu na ikweta unasimama karibu wima mwaka mzima. Mwanga wa mji ni mpana na mfupi, kama sahani iliyofunikwa, na hauhami. Wa zodiaki ni mrefu, unafuata mstari wa sayari, na unazama kadiri usiku unavyokwenda. Ukiuona, usihame. Mahali penye taa hauonekani kabisa.

Mwenye kamera apige picha moja kuelekea kaskazini, kwenye mji: lenzi ya milimita 24, f/2.8, ISO 3200, sekunde 20. Zaidi ya sekunde 20 kwa lenzi hiyo nyota zinavuta mkia. Kuba la mwanga likizidi ngumi moja na nusu, ongeza kilomita mbili au tafuta kilima. Simu yenye hali ya usiku inatosha pia, ukiiegemeza kwenye jiwe.

Sehemu ambayo miongozo ya kigeni haiigusi ni watu. Mtu asiyejulikana aliyesimama shambani saa 5 usiku bila taa, kwa Tanzania ya kati, ni mwizi au ni mchawi. Sababu ya tatu hakuna anayeifikiria. Nenda mchana kwa mwenyekiti wa kitongoji, msalimie, mweleze tarehe na saa, na muombe kijana wa hapo akusindikize kwa malipo mtakayokubaliana. Kijana huyo anajua mbwa wa nani wako wapi, nani analinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, na fisi wanapita wapi. Msiwe chini ya watu watatu. Msitandike mkeka moja kwa moja ardhini karibu na mawe au kichuguu: nge na nyoka hutoka usiku. Turubai chini, mkeka juu yake, na viatu vya kufunika mguu hata ukilala chali.

Tochi iwe nyekundu. Njia rahisi ni kupaka kioo chake rangi ya kucha nyekundu mara mbili, ikauke kabla ya kupaka mara ya pili. Mwanga ukiwa bado wa pinki, paka mara ya tatu. Simu hata ikipunguzwa mwanga hadi mwisho bado ni kali, ifunike. Gari lizimwe taa ya ndani inayowaka mlango ukifunguliwa. Boda nyingi mpya taa haizimiki injini ikiwa inawaka, kwa hiyo dereva azime pikipiki kabisa au aondoke na kurudi saa mliyopatana, akisimama barabarani na kupiga simu badala ya kuja na taa hadi mlipolala. Juni na Julai beba blanketi mbili. Kondoa iko juu, na mtu aliyetulia kwa saa tatu anapoa kuliko anayetembea.

Mahali pakishafaulu, andika tarehe, upepo, na kila taa unayoiona ukiwa umekaa, iko upande gani. Rudia mwaka unaofuata kabla ya kumleta mgeni. Shule ikiwekewa taa ya sola au mnara mpya ukisimamishwa, mahali palepale panaweza kuharibika kwa upande mmoja tu, na mara nyingi kuhama mita 300 nyuma ya mwinuko kunatosha.